Bahari Iliyopungua Nyumbani kwa Bi Mwanaidi

Siku hiyo naikumbuka kwa watu wake kwanza, maana mimi shule sikukaa sana, daftari langu ni majina. Tulikuwa watano sebuleni, Ujiji, mchana wa kiangazi. Alikuwapo Bi Mwanaidi binti Shomari, mwenye nyumba, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa Ujiji bi harusi na asirudi tena pwani. Alikuwapo mwanawe wa pekee, Bwana Hafidhi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasafirisha nje ya nchi samaki wa mapambo wa ziwa letu. Alikuwapo Mzee Bilali, mkuu wa wazamiaji wake, aliyemwoa wifi yake Bi Mwanaidi, kwa hiyo mle ndani alikuwa shemeji kabla ya kuwa mfanyakazi. Alikuwapo Generoza mpishi, Mrundi, aliyevushwa mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake. Na mimi Anastazia, binti Ntakije wa Uvinza, wa miaka kumi na tisa, niliyepelekwa pale na shangazi yangu Kolomba ili nimwangalie bibi miguu ilipomvimba. Wa sita, kama unahesabu na wa kusikika tu, alikuwa ndani ya jiwe, na huyo hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

Mwanangu Neema, wewe ni mjukuu, lakini nitakuita mwanangu. Umenionyesha kwenye simu lile tangi la kioo ulilolileta kwako Katubuka, ukaniambia unataka kuweka bahari chumbani: maji ya chumvi, matumbawe, mawe yenye uhai, samaki wa rangi kutoka Dar es Salaam. Ukaona nimenyamaza ukadhani bibi haelewi. Nilinyamaza kwa sababu bahari ya namna hiyo nimewahi kuilea. Na niliiharibu kwa mikono yangu hii. Kaa nikwambie, na wenzako mnaoanza nao wasome.

Bi Mwanaidi alikuwa na jambo moja tu lililobaki moyoni, kuiona bahari. Safari hakuiweza tena. Mwanawe akasema, mama haendi baharini, basi bahari itakuja kwa mama. Alikuwa na matangi mengi kule Kibirizi ya samaki wa ziwa, na pampu, na jenereta ya kufidia umeme unapokatika. Akalileta tangi moja kubwa nyumbani, akaagiza kutoka ng'ambo unga wa chumvi ya bahari, na mawe yakaja kwa ndege kwenye maboksi, yamefungwa magazeti mabichi, yananuka ufukwe.

Mzee Bilali akatandaza mchanga, akayapanga mawe, akatia maji, akawasha pampu na taa ya buluu. Halafu akatuambia tusubiri. Wiki ya kwanza hakuna samaki. Ya pili hakuna. Kioo kikashika uchafu wa kahawia, mimi nikataka kukisugua kwa sabuni, akanizuia. "Acha. Maji haya bado yanajifunza." Generoza akacheka hadi akaegemea mlango. "Oya! Yanajifunza nini, kusoma?" Lakini ilikuwa hivyo. Ilichukua wiki sita. Uchafu ulikuja ukaenda wenyewe, maji yakawa maangavu kiasi kwamba ukisimama pembeni unaona mawe yamekaa hewani. Hapo ndipo wakaja konokono wachache, kisha kiumbe kama ua lenye vidole laini, na mwisho samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliolala ndani ya vile vidole kama watoto kitandani.

Kitu cha kwanza kilichonitia ubaridi ni mlio. Nilikuwa napiga pasi, mchana, mapazia yamefungwa kwa ajili ya joto, nikasikia tak. Kama mtu amevunja kidole. Nikageuka, hakuna mtu. Tak. Ulitoka kwenye jiwe kubwa la katikati. Mzee Bilali alisema humo kuna kamba mdogo anayefyatua kucha yake, amekuja na jiwe kutoka baharini. Nilimwamini. Ila sikuelewa kwa nini huyo kamba alifyatua zaidi Bi Mwanaidi alipokuwa akizungumza. Bibi akisema, "Leo upepo wa wapi?" jiwe linajibu tak. Akinyamaza, nalo linanyamaza. Alikuwa anakaa hapo tangu sala ya asubuhi hadi adhuhuri, uso karibu na kioo, ule mwanga wa buluu umempaka hadi meno.

Basi Mzee Bilali akaitwa kusini, Kirando, kuzamia samaki kwa wiki tatu. Kabla hajaondoka alinishika mimi. "Stazia, mambo mawili tu. Maji yakipungua, jaza kwa maji ya mvua ya kwenye pipa. Na kila Ijumaa weka kipimo hiki cha kioo, kielee, utazame mstari. Ukiona umehama, mwambie Hafidhi."

Nikaitikia. Lakini moyoni nilimcheka, mwanangu. Mimi ni mtoto wa Uvinza. Baba yangu Ntakije alichemsha maji ya chumvi tangu kabla sijazaliwa, na kwetu mvua ikiingia kwenye maji ya chumvi ni hasara, watu wanakimbia na mabati kufunika. Nimtilie bahari maji ya mvua? Na hicho kipimo cha nini, wakati mimi baba yangu alinifundisha kuujua ukali wa maji kwa ncha ya ulimi? Nilichovya kidole tangini siku ile ile, nikaonja, nikasema nimeshika. Kipimo nikakirudisha kabatini.

Siku ya tatu Bi Mwanaidi akaniita. Alikuwa ameweka kidole chake juu ya kioo, kwa nje.

"Anastazia, tazama. Juzi maji yalikuwa hapa. Leo yako hapa."

Nikatazama sakafu. Kavu. Nikapitisha mkono chini ya tangi, kwenye mbao, kwenye ukuta. Kavu kabisa. Kidole kizima cha maji kilikuwa kimeondoka, na hakuna tone lililoanguka.

"Inarudi," akasema.

"Nini kinarudi, bibi?"

"Bahari. Inarudi kwao. Ilikuja kunitazama tu." Alisema bila huzuni, kama mtu anayesoma ratiba ya gari moshi. "Ikifika vichwa vya mawe, nami nitaondoka nayo. Tumekubaliana."

Sikumwuliza amekubaliana na nani. Jiwe likalia tak.

Toka siku hiyo akapunguza chakula. Kila asubuhi anaweka kidole kwenye kioo, anahesabu kimya. Mimi nilikuwa nimempenda yule bibi. Alinifundisha kusuka ukili, aliniita kwa jina langu lote, alinikatia kanga yake nusu nilipougua. Nikasema moyoni, kama ni maji tu yanayomwondoa, maji nitayarudisha. Unga wa chumvi ya bahari alikuwa ameuhesabu Mzee Bilali, kopo kwa kopo, nikiugusa atajua. Lakini mimi nilikuwa na mfuko wangu wa chumvi ya Uvinza, nyeupe, aliyonipa baba. Chumvi ni chumvi, nikajisemea. Wakati bibi anasali chumbani, nikawa nachanganya kwenye jagi, naonja, namimina mpaka maji yafike pale pale. Kila siku mbili, kidole kimoja. Sikumwambia mtu.

Bibi alipokuja kuweka kidole, akakuta maji hayajaondoka. "Kuna mtu anairudisha," akasema. "Anayeirudisha hajui anarudisha nini."

Nilijifanya nakunja nguo.

Wiki ya pili kikaanza kitu kingine. Kwenye ukingo wa tangi ukaota ukoko mweupe. Nikaufuta, ukaota tena. Ulikuwa unashuka kwa nje ya kioo polepole, mistari mitano, myembamba mwishoni, kama mkono unaotoka ndani na kujishikilia ukingoni. Generoza alipouona aliweka chini sinia. "Stazia, mimi kupika nitapika. Sebule hii kufagia sifagii tena." Na kweli hakufagia.

Nilionja maji kila siku. Ulimi wangu uliniambia ni yale yale.

Kisha jiwe likanyamaza. Bi Mwanaidi aliongea, akauliza upepo, akataja majina ya watu wa Pangani waliokwisha kufa, jiwe halikujibu. Lile ua likafumba vidole vyake, likajikunja likawa kama ngumi. Samaki wawili, waliokuwa hawaachani nalo, wakalitoka, wakaenda kusimama kwenye pembe ya tangi, wameelekeza nyuso ukutani, wanahema. Nikipita, hawageuki. Fikiria, mwanangu, nyumba mchana kweupe, pampu inanguruma, na viumbe viwili vimekupa mgongo siku tatu. Asubuhi ya nne alibaki mmoja. Mwenzake nilimkuta juu ya mchanga, macho meupe kama ule ukoko. Nikamtoa kwa kijiko, nikamzika penye mchaichai kabla bibi hajaamka.

Siku hiyo hiyo, Ijumaa, baada ya sala, Mzee Bilali akaingia na Bwana Hafidhi. Ndiyo siku niliyokutajia watu wake. Hakukaa hata kitini. Aliutazama ule mkono mweupe, akaenda kabatini, akatoa kipimo, akakitumbukiza. Kipimo kikaruka juu kama kizibo, mstari wake ukabaki nje, mkavu.

"Stazia. Umetia nini humu?"

"Maji tu, mzee."

"Maji gani?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Generoza akanitetea kutoka mlangoni. "Msimtishe mtoto wa watu. Kuna kitu kinakunywa maji humu, nilisema toka zamani."

"Kinachokunywa ni joto na feni, Generoza."

"Feni! Feni ina koo?"

Bwana Hafidhi akataka kucheka, akamwona mama yake, akaacha. Mzee Bilali akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anachemsha chumvi, Uvinza."

"Anachemsha chumvi, au maji ya chumvi?"

"Maji ya chumvi."

"Yakichemka, kinachopaa ni nini?"

"Ni maji."

"Kinachobaki chini?"

Nilielewa yote kwa mara moja. Maji yalikuwa yanapaa peke yake, matupu, na chumvi yote ilikuwa inabaki, na mimi kila siku mbili naongeza nyingine juu yake. Mtoto wa mchemsha chumvi.

"Wiki tatu umekaa hapa unachemsha chumvi," akasema Mzee Bilali, "na viumbe wa bibi yako wamo ndani ya sufuria."

Nikakimbilia pipa la mvua, nikarudi na ndoo imejaa. Akanidaka mkono. "Ukiishusha chumvi yote leo, huyu aliyebaki anakufa leo. Ameizoea taratibu, ataiacha taratibu. Jagi moja tunatoa, jagi moja la mvua tunatia, asubuhi na jioni. Siku kumi. Na kipimo kila siku, siyo ulimi. Ulimi wako ulikuwa unazoea pamoja na samaki."

Ndipo Bi Mwanaidi akasema, na wote tukageuka, maana tulikuwa tumemsahau. "Nilijua ni wewe, Anastazia."

"Bibi?"

"Nilikuwa naulamba ule ukoko. Bahari ya kwetu haiumi hivyo. Hiyo ilikuwa chumvi ya bara."

Nikaanza kulia. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mwenzangu unaizuia bahari isinikimbie. Toka nimeingia mji huu hajatokea wa kunifanyia hivyo. Nikadhani na hawa samaki watastahimili, kama nilivyostahimili mimi." Akakigeukia kioo. "Kumbe wao hawakuambiwa wastahimili."

Tukaanza kushusha. Bi Mwanaidi akakataa chakula kabisa, akasema atakula siku atakayokula yule samaki. Sasa unaelewa nilichokuwa nacho mkononi kila asubuhi nilipobeba lile jagi. Siku ya pili, samaki uso ukutani. Ya nne, vile vile. Bwana Hafidhi alikuwa anapita mlangoni bila kuingia. Bibi alikuwa anapokea maji ya kunywa tu, kidogo, na ngozi ya mikono yake ikawa inang'aa kama karatasi ya sambusa. Ya tano nilimwomba Mzee Bilali tuongeze mwendo. Akasema hapana. Ya sita nikamwomba tena. Akasema hapana, na niliona kwamba hata yeye anaogopa.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, yule samaki akageuka. Alikuja taratibu, akakipita kioo chote, akasimama mbele ya uso wa Bi Mwanaidi. Nikadondosha punje ya chakula. Akaitazama ikishuka. Akaila.

"Generoza," akaita bibi, sauti kama ya mtoto mchanga. "Uji."

Jiwe lilikaa siku mbili zaidi, kisha likalia. Tak. Bibi akagonga pete yake kwenye mkono wa kiti. Tak. Basi wakaendelea hivyo hadi adhuhuri, mimi nikahamishia pasi yangu uani.

Baada ya hapo alichukua wanja wake, akachora mstari kwenye kioo, kwa nje, maji yanapotakiwa kufika. Kila asubuhi ananishika bega, anasimama kwa ile miguu yake, anamimina mwenyewe kikombe cha maji ya mvua mpaka mstari. Hakuongea tena habari za bahari kurudi kwao. Aliniambia, "Inakwenda kila siku, nasi tunaijazia kila siku. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua, kwamba nilidhani ikienda imekwenda." Aliishi misimu miwili ya mvua zaidi, na lile ua likafumbua vidole vyote.

Alipozidiwa tulimpeleka hospitali. Tulikaa naye siku nane, mimi kando ya kitanda, Generoza akipika huko huko uani, Bwana Hafidhi akilala kwenye benchi. Mzee Bilali alikuwa Kirando. Nyumba tuliifunga, ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Siku ya nane, adhuhuri, akatuacha.

Tuliporudi naye nyumbani, wanawake wakaingia kumwandaa, nami nikaenda sebuleni kwa sababu sikujua niende wapi kwingine. Siku nane za kiangazi, mwanangu. Vidole vinne vya maji vilitakiwa viwe vimepaa. Maji yalikuwa kwenye mstari wa wanja. Yameugusa sawasawa. Kikombe kilikuwa mezani, mahali pake, na ndani kilikuwa kimelowa.

Mzee Bilali alipofika mazishini nilimvuta nikamwonyesha. Akatumbukiza kipimo, akatazama mara mbili. Kilikaa palepale panapotakiwa. Akakipangusa, akakirudisha kabatini. "Usiniulize," akasema.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe Neema na wenzako. Ukishajaza tangi lako, subiri. Wiki nne, sita, zaidi, mpaka maji yatulie na uchafu wa mwanzo uje uondoke, hata kama majirani wanakucheka kwamba unafuga mawe. Kisha tia kiumbe mmoja mmoja, usilete boksi zima siku moja. Chora mstari, kila siku ujazie maji matamu, ya mvua au yaliyosafishwa, kwa sababu maji ndiyo yanayoondoka na chumvi haiondoki. Nunua kipimo, na ukikinunua kitumie. Chumvi ya jikoni iache jikoni. Ukikosea, na utakosea, usikimbilie ndoo. Rudi polepole kama ulivyokwenda. Na kile unachokijua toka kwenu, kiulize tena unapokipeleka mahali pageni, maana mimi sikuharibu kwa kutojua, niliharibu kwa kujua nusu na kuona haya kuuliza. Zaidi ya yote, usimfichie mtu kitu kwa sababu unampenda. Yeye anaonja ukingoni, naye anakuficha, na kati yenu kuna kiumbe anayelipia.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyochoka kutazama. Akuwekee watu wa kukushika mkono unapotaka kumwaga ndoo. Viumbe utakaowaleta kutoka mbali wakuone mwema, na nyumba yako isikaukiwe. Amina.

Haya niliyoyaandika ni kama ninavyoyakumbuka. Huenda ilikuwa siku ya sita samaki alipogeuka, na huenda jina la baba yake Bi Mwanaidi halikuwa Shomari, nilisikia pia Shemhina. Aliye hai anayejua zaidi anisahihishe, sitachukia. Na wewe msomaji, kama ni wewe uliyemimina maji yale, una ufunguo ambao sikuujua, nakuomba unitumie neno kabla na mimi sijaondoka. Sitauliza kwa nini. Nataka tu kujua kwamba alikuwa mtu.